Rangi ya Farasi

Wiki iliyopita nilikuwa napita kando ya gereji moja ya barabarani, fundi akafungua kopo la tina ya kuchanganyia rangi, nikasimama pale pale. Wenye haraka zao wakanikwepa na kusonya. Harufu ile ilinipanda puani ikaniwasha macho, na mara nikawa na miaka sita tena, miguu peku kwenye vumbi la Chang'ombe ya Dodoma, na Baba Mkubwa wangu ameinama mbele yangu ananiuliza, "Haya mama, hii ni rangi gani?" Tulimzika mwaka jana. Nilidhani nimeshamaliza kumlilia, kumbe bado.

Nyie wa rika langu mnaukumbuka mtihani wa sikio. Ulikuwa huandikishwi darasa la kwanza mpaka upitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Wazazi wangu walikuwa walimu kijijini, huko upande wa Mpwapwa, wakanileta kwa Baba Mkubwa ili nisome mjini. Siku ya kuandikishwa nilivaa gauni jipya. Mwalimu akasema nyoosha mkono. Nikaunyoosha, nikajipinda, nikatoa ulimi, nikasimama na vidole vya miguu kana kwamba hiyo ingesaidia. Vidole vyangu viliishia kwenye nywele. Wenzangu wote wa mtaani waliingia darasani, mimi nikarudishwa nyumbani hadi mwaka unaofuata.

Nililia njia nzima. Mama Mkubwa, mke wake, alinipa karanga na kunibembeleza kwamba mkono utakua tu. Mimi nikauliza kama hakuna mtihani mwingine. Baba Mkubwa alikuwa anakula ugali wake wa uwele na mlenda, akanawa mkono taratibu, akasema, "Upo. Mitihani mingine nitakupa mimi mwenyewe. Ukifaulu yote, nitakupeleka shuleni na Farasi." Alisema hivyo kuninyamazisha, lakini mimi nililishika neno lile kama lilivyo.

Sasa niwaeleze Farasi ni nani. Nyuma ya nyumba yetu, juu ya mawe manne, lilikaa gari la Kimarekani lisilo na paa. Lilikuwa refu, limekaa chini chini, lina milango miwili tu, na kwenye pua yake palikuwa na farasi mdogo wa chuma anayekimbia. Usukani wake ulikuwa kushoto, kwa hiyo sisi watoto tuliamini kabisa kwamba Wamarekani huendeshwa na makondakta. Lililetwa kwa meli na mzungu mmoja wa mradi wa visima. Alipoondoka akamwachia dereva aliyepewa na serikali, ambaye ndiye Baba Mkubwa. Halafu ikaja miaka ile ya petroli kwa kibali na vipuri kwa ndoto, Farasi akapandishwa juu ya mawe, kuku wakataga kwenye siti ya nyuma, na Baba Mkubwa akawa anampitia kila Jumapili baada ya kanisa na kumpapasa boneti.

Ndipo zikaingia enzi za ruksa. Kila kitu kikafunguliwa kwa mpigo: mitumba, redio, sabuni za kunukia, na vipuri. Dar es Salaam ikajaa vyuma kutoka Dubai na Japani, na vyuma vile vikapanda malori na kutufikia sisi huku kwenye upepo. Maofisini nako walikuwa wanapunguza watu. Baba Mkubwa, dereva wa serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu aliyekuwa akijisifu kwamba hajawahi kugonga hata jogoo, alinyoosha mkono kwanza kabla hajatajwa. Watu walimshangaa. Yeye akacheka kicheko chake kile cha kusikika mpaka kisimani, akachukua kiinua mgongo chake, akatangaza mtaa mzima kwamba sasa anamfufua Farasi.

Na alikuwa na sababu. Binti yake, Dada Neema, alikuwa ameposwa, na harusi ilipangwa baada ya mavuno. "Mwanangu hapelekwi kanisani na gari la kukodi," Baba Mkubwa aliapa, amesimama katikati ya uwanja kama anahutubia. "Nitampeleka mimi, kwa mikono yangu, na Farasi, paa wazi, Dodoma nzima ione!" Dada Neema alijifunika uso kwa kanga, lakini nilimwona anacheka.

Jamani, ile miezi! Sijui kama nimewahi kuishi miezi mingine iliyochangamka vile. Asubuhi nilikuwa naamka kabla ya jogoo ili nisipitwe. Baba Mkubwa alikuwa akitandika gunia chini na kupanga spana zake kwa ukubwa, ndogo upande wa kulia, kubwa upande wa kushoto, na ole wake atakayeisogeza hata moja. Siku moja Dada Neema alihamisha spana namba kumi na nne ili apite na ndoo, kelele zilizopigwa pale zilimtoa mpangaji wa nyumba ya pili na mswaki mdomoni. Tulisema mzee anapenda mpangilio. Alikuwa halitazami gunia kabisa. Mkono ulishuka wenyewe, ukachukua, ukarudi. Nati akiipapasa kwa kidole gumba alikujulisha namba yake. Plagi aliinusa. Mpini wa bisibisi aliuegesha sikioni na ncha yake kwenye injini, akafumba macho, akasema, "Silinda ya tatu inadanganya." Mimi nikaamini kwamba mafundi wote wakubwa hufumba macho, na nikacheza ufundi hivyo hivyo na wenzangu, nikajigonga kwenye mlango.

Na mitihani ikaendelea. "Haya mama, waya huu ni rangi gani?" "Mwekundu!" "Na huu?" "Wa kijani!" "Vizuri. Soma namba hii hapa kwenye kopo." Nilikuwa najua namba hata kabla ya shule, kwa sababu baba yangu ni mwalimu. Nikijibu sawa aliguna kwa furaha na kazi ikaenda mbele. Nikisita, naye alisita, uso ukamshuka, mikono ikabaki hewani. Kwa hiyo nikajifunza kumsoma usoni. Jibu zuri lilikuwa lile linalomfanya atabasamu, na mimi nilitaka kwenda shule.

Macho yake yalikuwa na ukungu wa rangi ya maji ya mchele. Hilo niliona. Lakini Dodoma ile nani hakuwa na macho ya vumbi?

Alimfanyia Farasi mambo ambayo hata mzungu wake hakumfanyia. Injini ya silinda nane aliiacha ile ile, akaifungua yote, akaiosha kwa petroli sufuria kwa sufuria, akaifunga upya na gasketi alizozikata mwenyewe. Akaweka rejeta ya lori, kwa sababu alisema gari hili lilitengenezwa kwa watu wenye theluji na sisi tuna jua. Akaweka alteneta ya Kijapani. Lakini alichokitolea jasho zaidi ni breki. Zile za zamani alizitupa, akatafuta breki za diski kutoka kwenye gari dogo lililopinduka barabara ya Morogoro, akachongesha vyuma vya kuzishikizia, akajaribu, akafungua, akafunga tena, wiki tatu nzima. Watu wakamwambia, mzee, gari la harusi linakwenda mwendo wa kobe, breki za nini? Akajibu, "Ninyi nisikilizeni. Breki kwanza." Sasa ninajua alikuwa anaogopa nini.

Siku injini ilipowaka, sitaisahau. Ilikohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi kwenye kanga za Mama Mkubwa zilizoanikwa, halafu ikanguruma. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zangu. Kuku waliruka ukuta, mbwa wa jirani aliingia chini ya kitanda cha watu, na watoto wa shule, wale waliofaulu kushika sikio, wakatoroka wakati wa mapumziko waje kuona. Baba Mkubwa alikuwa amesimama na mikono juu, machozi yanatiririka kwenye mashavu yenye oili, anapiga kelele, "Mnamsikia? Mnamsikia?" Hakusema mnamwona.

Paa lilikuwa kazi ya Mama Mkubwa. La zamani lilishaoza, zikabaki mbavu zake za chuma zimejikunja nyuma ya siti. Majirani walishauri tuchomelee bati, maana walidhani gari lilikatwa paa kwenye ajali. "Halikukatwa!" Baba Mkubwa alifoka. "Limezaliwa hivi!" Mama Mkubwa hakubishana na mtu. Alikwenda Majengo kwa wauza nafaka, akarudi na turubai la lori la kaki, akazipima zile mbavu kwa futi yake ya kushonea kama anavyowapima wanawake wenzake kwapani, akakaa kwenye cherehani. Alivunja sindano tisa. Paa lilipovutwa juu likakaa kama suruali ya mtu mwembamba, lina mikunjo kiunoni, lakini lilifunga na kufunguka, na yeye akalizunguka mara tatu. Nadhani lile lilikuwa jambo lililompendeza kuliko gauni lolote alilowahi kushona.

Ikabaki rangi. Farasi alikuja nchini akiwa damu ya mzee, ule wekundu mzito unaokaribia weusi, na Baba Mkubwa hakutaka kusikia nyingine. Fundi Issa, mpiga rangi wa Majengo, alipewa kipande cha chuma kutoka ndani ya mlango ili aifananishe. Msasa ulipigwa siku nne, sisi watoto tukawa weupe kama tumeangukia unga. Siku ya tano Fundi Issa alikuja na kompresa yake na kopo kubwa, akalifunua kwa bisibisi. Nilichungulia. Ilikuwa rangi ya waridi! Waridi ile ya pipi za maduka ya Kihindi, ile ya gauni nililolitamani dirishani na nikaambiwa si la kuchezea vumbini. Moyo wangu uliruka.

Fundi Issa alikuwa amekunja mikono, anasafisha koo. Baadaye sana alikiri kwamba nyekundu ilimwishia, akaongeza nyeupe iliyokuwepo ili kopo lijae, na alikuwa amekuja na maneno ya kuombea radhi. Alianza, "Mzee, iangalie kwanza, maana..."

Baba Mkubwa alikwisha kuinama. Akapeleka pua kwenye kopo, akanivuta kwa bega. "Haya mama. Hii ni rangi gani? Ni damu ya mzee, sivyo?"

Nikamtazama usoni. Uso wote ulikuwa unasubiri. Mwalimu akikutajia jibu kabisa kwenye mtihani, wewe utasema jingine? Na kusema ukweli wa Mungu, niliitaka ile waridi. Niliitaka mpaka meno yaliniuma.

"Ni damu ya mzee, Baba Mkubwa!"

"Umesikia, fundi? Piga!"

Fundi Issa alinitazama mimi, akamtazama mzee, akalitazama kopo. Halafu akawasha kompresa haraka sana.

Jioni ile Farasi alikuwa waridi kuanzia pua mpaka mkia, anang'aa kiasi kwamba jua lilipozama ungeona kana kwamba limezamia kwetu. Mama Mkubwa alitoka jikoni na mwiko. "Heee! Baba Neema! Kweli hii rangi umeamua." "Si ndiyo yenyewe?" akajibu mzee, kidevu juu. Majirani walipita mmoja mmoja. "Mzee, wewe ni mthubutu!" Naye akapokea pongezi zote kwa mikono miwili. Kila mtu alimjua kwa majigambo, basi wakaona haya nayo ni majigambo ya enzi mpya. Mimi nililala kwa raha tele, nimefaulu mtihani na nimepata rangi yangu.

Siku mbili baadaye alinipakia mbele, upande wa kulia, twende kumjaribu Farasi. "Wewe tu na mimi," alisema. "Huu ndio mtihani mkubwa." Area D wakati ule ilikuwa na viwanja vitupu kuliko nyumba, mawe ya mipaka yamesimama kwenye nyasi kavu na njia pana za vumbi zinazokwenda bila mtu. Kijana mmoja wa gereji ya jirani ndiye aliyetuendesha hadi pale, akashuka atusubiri. Baba Mkubwa akashika usukani, akavuta pumzi.

"Mbele kuna nini?"

"Barabara tupu!"

Tukaondoka. Loo! Upepo ulinipiga mdomoni nikashindwa kuufunga. Kilemba changu cha kitambaa kiliruka, sikukijali. Injini ilikuwa inanguruma chini ya miguu yangu midogo, mbigili na vichuguu vinapita, na mimi napiga kelele kwa furaha huku najibu maswali.

"Kushoto kuna nini?"

"Jiwe la kiwanja!"

"Mbali au karibu?"

"Mbali! Kulia kuna mbuzi!"

"Wangapi? Wanatembea?"

"Wanne! Wanakula tu!"

Akawapigia honi, akacheka, nikacheka. Akaongeza mwendo. Njia ilikata kona pole pole, nikamwambia kata, akakata. Nilijiona nimeshaandikishwa darasa la kwanza, la pili na la tatu.

"Mbele kuna nini?"

"Kuna mtu."

"Yuko pembeni?"

"Katikati. Ni Mama Mkubwa! Ana furushi kichwani, anatupungia!"

Alikuwa ametoka kupeleka nguo alizoshona kwa mke wa ofisa mmoja. Alituona tangu mbali, nani asingeiona waridi ile, akasimama katikati ya njia anacheka, amenyoosha mkono kama anayeomba lifti kwa mchumba. Alijua atasimamishiwa gari.

"Nani umesema?"

"Mama Mkubwa! Baba Mkubwa, Mama Mkubwa!"

Akakanyaga. Zile breki zilizotoa jasho la wiki tatu zilishika, nikajigonga dashibodi, Farasi akainamisha pua na kuserereka, vumbi letu wenyewe likatufikia kwa nyuma na kutufunika. Lilipotulia, farasi wa chuma alikuwa hatua moja kutoka kwenye kitenge cha Mama Mkubwa. Yeye alikuwa bado amenyoosha mkono. Kicheko kilikuwa kimekatika.

"Hukuniona," alisema.

"Nimekuona, ndiyo maana nimesimama."

Alikuja upande wa mumewe taratibu, furushi bado kichwani, akasimama karibu kabisa. "Baba Neema. Kitenge nilichovaa kina rangi gani?"

"Wewe mwanamke, hayo ni maswali ya kuulizana njiani?"

"Nijibu."

Baba Mkubwa akanigeuzia uso mimi. "Haya mama," alisema, kwa sauti ile ile ya siku zote. "Mjibu Mama Mkubwa wako. Rangi gani?"

Swali rahisi lilioje! Nilisimama kwenye siti kabisa. "Ya njano! Kina ndege wa bluu!"

Mama Mkubwa alikaa chini vumbini, na furushi lake.

Kisha akamwuliza mumewe tangu lini haoni. Mzee akasema tangu kabla hajaacha kazi, kidogo kidogo, mwanzo taa za usiku, halafu sura za watu. "Ningemwambia nani kwamba dereva haoni?"

"Na Neema ungempelekaje kanisani?"

"Kwa macho ya huyu."

"Ana miaka sita!" Mama Mkubwa alipiga kelele mpaka mbuzi wakainua vichwa. "Ana miaka sita, Yohana!" Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita kwa jina lake.

Sasa nina watoto wangu, na nimekwisha kumkasirikia Baba Mkubwa kwa siku ile, tena sana. Angeweza kutuua sisi sote kwa kiburi chake. Lakini siku ile pale kwenye siti nilikuwa nawaza jambo moja tu. Kumbe haikuwa mitihani. Alikuwa haoni kweli, alikuwa ananiuliza kweli, na mimi nilimwambia damu ya mzee. Nilitazama boneti ile ya waridi iliyonyooka mbele yangu.

Kijana wa gereji aliturudisha. Kesho yake Mama Mkubwa alimshika mumewe mkono hadi hospitali ya misheni yenye daktari wa macho, naye akasema ni mtoto wa jicho, anatolewa, mngekuja mapema. Walikaa huko siku nyingi, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Mimi nilibaki na Dada Neema na Farasi. Kila asubuhi nilitoka kumtazama, nikiomba Mungu usiku mvua inyeshe iioshe ile rangi. Ilikuwa kiangazi. Nilijaribu kuikwangua kwa ukucha nyuma ya bampa, ikang'ang'ania, Fundi Issa alikuwa ameipiga vizuri mno.

Walirudi adhuhuri kwenye pikapu ya jirani. Baba Mkubwa alikuwa amevaa miwani mizito kama vitako vya chupa, anageuza kichwa huku na huku, anasoma kila kibao kwa sauti. Alishamwambia Mama Mkubwa kwamba amezeeka, akaambiwa na yeye ajitafutie kioo. Dada Neema alimkimbilia, akamshika mashavu, akamtazama sana, mpaka wote wawili wakaanza kulia. Mimi sikungoja zaidi. Niliingia chini ya meza ya cherehani, nikajifunika na mabaki ya turubai.

Nilisikia nyayo zake zikienda nyuma ya nyumba. Zikasimama. Kuku alilia.

"Mama!" alinguruma. "Mama wewe! Toka huko uliko!"

Nilitoka, vipande vya nyuzi vimenijaa kichwani. Watu walishajaa pale uani, Fundi Issa naye alikuwepo, amejibanza kwa nyuma tayari kujitetea. Baba Mkubwa alikuwa amesimama mbele ya Farasi, na miwani ile iliyafanya macho yake makubwa ajabu, meusi, hayana ukungu hata kidogo. Alichuchumaa, ananitazama. Nilitambua kwamba hajawahi kunitazama namna ile.

"Hii ni rangi gani?"

Nilimsoma usoni kama nilivyozoea. Hapakuwa na kitu cha kusoma. Uso ulikuwa umetulia tu, haunitajii jibu.

"Ni mtihani?" niliuliza.

"Si mtihani. Naona mwenyewe. Nataka kujua wewe unaona nini."

"Waridi," nilisema, nikaangua kilio. "Ni waridi, Baba Mkubwa. Hata siku ile ilikuwa waridi. Niliipenda."

Aligeuka akaitazama tena, pole pole, kuanzia pua mpaka mkia. Akapangusa miwani kwa ncha ya shati, akairudisha.

"Basi tunaona kitu kimoja," alisema. Akanifuta kamasi kwa kiganja chake kigumu.

"Na shule?"

"Januari. Na Farasi. Nimesema."

Fundi Issa alijitokeza akasema atairudia yote bure, mzee asitie shaka. Dada Neema akaruka mbele kabla baba yake hajajibu, akasema atakayeigusa rangi ya gari lake atamtambua. Na Baba Mkubwa alikuwa ameshawageukia majirani, kidevu juu, anawauliza kama wamewahi kuona gari la harusi la damu ya mzee likapendeza. Kufikia jioni alikuwa anasimulia kwamba waridi ile aliiagiza mwenyewe, tena kwa makusudi. Mimi na yeye tulitazamana tu.

Siku ya harusi jua lilikuwa la kwetu kabisa. Daktari alishatoa ruhusa, Mama Mkubwa alishatoa ya kwake kwa masharti saba, na matarumbeta yalitangulia kwa miguu, kwa hiyo Farasi alikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Paa lilikuwa limekunjwa. Dada Neema alikaa nyuma, shela linapepea mpaka kwenye buti, Mama Mkubwa kando yake ameshika tama, safari hii kwa furaha. Mimi nilikaa mbele, upande wa kulia, nimevaa gauni lililoshonwa kwa kitambaa cha waridi. Watu walitoka madukani. Wazee wa Kigogo walisimama kwenye vizingiti wakatusalimia, "Mbukwenyi!" Watoto walikimbia pembeni wakigusa milango, na matairi yalipita juu ya kanga zilizotandikwa njiani.

Tulipoingia barabara ya kanisa, Baba Mkubwa aliegemeza kichwa kwangu kidogo, macho yake yakiwa mbele, wazi, yanaona kila kitu.

"Haya mama," alisema. "Mbele kuna nini?"

Nilishtuka. Tangu siku ile ya Area D hakuwa ameniuliza tena. Nilisimama kwenye siti, nikashika kioo cha mbele kwa mikono miwili, nikamwambia kila nilichokiona, sikuongeza wala sikupunguza. Kuna wapiga matarumbeta sita, mmoja kamba ya kiatu imefunguka. Kuna bibi anacheza peke yake. Kuna ng'ombe kushoto, amefungwa. Kuna mlango wa kanisa, uko wazi, na Shemeji amesimama hapo anajifuta jasho. Nilisema yote hadi magurudumu yakasimama, na Baba Mkubwa, aliyekuwa anayaona yale yote kuliko mimi, hakunikatiza hata mara moja.